Kompyuta mpya, programu ya zamani: mwongozo kamili wa kompyuta pepe kwa ofisi inayobadilisha mitambo

Windows 11 haina toleo la biti 32. Jambo hilo dogo ndilo linalozikwamisha ofisi nyingi, ingawa Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 hata kidogo, wala zile za DOS (mfumo uliotangulia Windows). Na hapa Malindi, ukianzia maduka ya jumla ya mjini hadi mapokezi ya hoteli za Casuarina, bado utazikuta hizo na nyingine za umri wao: programu ya stoo iliyoandikwa kwa Clipper (lugha ya enzi za DOS), programu ya kuandikisha wageni ya enzi za Windows 98, hesabu ya mishahara ya Access 97 iliyotengenezwa na kijana ambaye siku hizi hata simu yake haipatikani.

Mwenye hoteli anataka mashine mpya. Mhasibu anasema, "Mwanangu, programu hii ukiigusa, mimi narudi nyumbani." Wote wawili wana haki. Kinachoweza kuwapatanisha ni kompyuta pepe, yaani kompyuta nzima yenye Windows yake ya zamani, inayofunguliwa kama programu ndani ya kompyuta mpya. Mashine halisi tutaiita mwenyeji, na ile pepe mgeni. Faida yake ni kwamba suala la kununua mashine linatenganishwa na suala la kuhama programu. La kwanza unalimaliza mwezi huu, la pili unalipatia muda wake.

Hapa nitatumia VirtualBox, programu ya kutengenezea kompyuta pepe, kwa sababu programu yake ya msingi ni ya bure hata kwa biashara na inakubali kumpa mgeni vifaa vya USB. Jihadhari na nyongeza yake iitwayo Extension Pack. Ile ina leseni tofauti, na biashara haiipati bure. Hyper-V, programu ya Microsoft ya kazi hiyohiyo, imo ndani ya Windows 11 Pro bila malipo ya ziada (kwenye Home haimo), lakini haina njia ya moja kwa moja ya kumkabidhi mgeni kifaa cha USB, na utakapofika kwenye printa utaelewa kwa nini hilo ni tatizo.

Kwanza hakikisha unaihitaji

Usikimbilie kompyuta pepe kwa kila programu yenye mvi. Zunguka ofisini na daftari, uandike kila programu inayotumika: nani anaitumia, data yake imekaa folda gani, inachapisha wapi, CD yake ya kusakinishia iko wapi. Hilo la mwisho mara nyingi jibu lake ni kicheko.

Kisha jaribu mambo mepesi kwenye mashine mpya. Programu ya biti 32, hata ya mwaka 2001, mara nyingi inafanya kazi kwenye Windows 11 bila neno, au baada ya kubofya faili lake kitufe cha kulia, kuingia "Properties", kisha "Compatibility". Kuna programu za miaka ya 1990 ambazo zenyewe ni za biti 32 lakini kisakinishi chake ni cha biti 16. Hizo zinakataa kusakinishwa, ilhali ukinakili folda yake nzima kutoka mashine ya zamani wakati mwingine inafunguka. Mfumo unaofunguka kwa Internet Explorer tu hauhitaji kompyuta pepe pia: Edge ina hali ya IE, na Microsoft imeahidi kuiendeleza hadi angalau 2029.

Zinazobaki baada ya mchujo huo ndizo zetu.

Chagua msimu

Kwa hoteli za pwani hii sina mjadala: fanya kazi hii wakati wa masika, baada ya Pasaka, wageni wakiwa wameondoka na vyumba vinapakwa rangi. Kaskazi ikivuma na mapokezi yamejaa, usiguse chochote. Duka la jumla nalo likwepe Ramadhani na mwisho wa mwezi.

Okoa diski kabla ya yote

Hewa ya chumvi haina huruma na vyuma. Mashine iliyokaa miaka kumi na tano karibu na bahari ukiifungua utakuta kutu kwenye skrubu na unga wa kijani kwenye viunganishi, na diski yake inazunguka kwa kudra tu. Kwa hiyo hata kabla hujaamua lolote, chukua nakala ya diski nzima, si folda ya data peke yake.

Napendelea kuizima mashine, kuichomoa diski na kuiunganisha kwa adapta ya USB kwenye kompyuta inayoendesha Linux. Andika kwanza `lsblk` uone diski imepewa jina gani, usije ukakosea. Kisha:

`sudo ddrescue -d /dev/sdb mapokezi.img mapokezi.map`

Uzuri wa ddrescue ni kwamba ikikuta sehemu mbovu haigandi hapo. Inaruka, inaokoa kwanza yaliyo mazima, halafu inarudi kwenye mabovu. Faili la pili, lile la .map, linakumbuka imefika wapi, ili umeme ukikatika uendelee badala ya kuanza upya. Ikimaliza, hiyo img unaigeuza kuwa diski ya VirtualBox:

`VBoxManage convertfromraw mapokezi.img mapokezi.vdi`

Kama mashine ya zamani ni ya Windows 7 au 10 na diski yake ni nzima, Disk2vhd ya Sysinternals inafanya kazi hiyo huku mashine ikiwa imewashwa. Ondoa alama ya "Use Vhdx" upate VHD ya kawaida.

Nakala hiyo ya kwanza iweke kwenye diski ya nje, iandike tarehe kwa kalamu, uifungie kabatini. Kazi zote zifanyike kwenye nakala ya nakala.

Mwenyeji awe na nguvu kiasi gani

RAM ya GB 16 na diski ya SSD zinatosha na kubaki. Windows XP yenyewe inatosheka na GB 1, hivyo mgeni hali sana. La muhimu ni uwezo wa kichakataji kubeba kompyuta pepe, unaoitwa VT-x kwa Intel na AMD-V kwa AMD. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Performance", kisha "CPU", utazame penye "Virtualization". Ikiwa "Disabled", iwashe kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka.

Ukiona kobe wa kijani chini ya dirisha la VirtualBox, si wa Watamu huyo. Ni alama kwamba Hyper-V inafanya kazi chini yake na mgeni atakwenda polepole zaidi. Mafundi wengi hukimbilia kuzima "Memory Integrity" ili kumwondoa. Mimi namwacha. Programu ya stoo ya mwaka 1996 haina haraka, na ulinzi wa mwenyeji una thamani kuliko sekunde mbili za kufungua.

Ofisi yako ikiwa Lamu mjini, ambako kila kifaa kinavuka maji kutoka Mokowe, nunua na SSD ya akiba siku hiyohiyo.

Kuihamisha ya zamani au kusakinisha upya?

Ukiwa na CD ya programu na leseni yake, sakinisha upya kwenye mgeni msafi. Chagua Windows mpya kuliko zote ambazo programu inazikubali: Windows 10 ya biti 32 bado inaweza kuendesha programu za biti 16 na za DOS ukiwasha NTVDM, sehemu ya Windows inayoziendesha programu hizo. XP iwe kimbilio la mwisho, maana huduma yake ilikoma tarehe 8 Aprili 2014.

CD ikiwa imepotea, na ndivyo inavyokuwa mara nyingi, utaihamisha mashine nzima kama ilivyo. Tengeneza kompyuta pepe mpya, na panapoulizwa diski, chagua ile vdi uliyoigeuza. Kwa XP weka mambo haya kwenye "Settings":

Diski iunganishwe kwenye kidhibiti cha IDE (njia ya zamani ya kuunganisha diski), si SATA (ile mpya), kwa sababu XP haiji na dereva wa SATA, yaani programu ndogo ya kukiongoza kifaa hicho. Kichakataji kiwe kimoja. I/O APIC ibaki imewashwa ikiwa mashine ya zamani ilikuwa ya vichakataji zaidi ya kimoja. RAM iwe MB 1024.

Ikiwaka na kutoa skrini ya buluu yenye 0x0000007B, usiogope. Maana yake Windows imeamka, ikaitafuta diski yake kwa dereva wa ubao mama wa zamani, isiione. Dawa ni kuwasha madereva ya kawaida ya IDE kwenye rejista ya Windows. Kuna faili dogo liitwalo MergeIDE linalofanya hivyo, na wepesi wake ni kulitumia mashine halisi ikiwa bado inawaka, kisha kuchukua nakala ya diski tena. Ndiyo maana mashine haitupwi mpaka mgeni awe ameamka salama.

Halafu leseni. XP iliyohama itagundua vifaa vimebadilika na kudai kuamilishwa upya. Ile iliyokuja na kompyuta, yenye stika ubavuni, imefungwa kisheria na mashine hiyo, haihami. Iliyonunuliwa dukani kivyake inaweza kuhama, mradi iondolewe kwenye mashine ya kwanza. Mweleze mwenye biashara jambo hili kabla ya kuanza, kwa maandishi, na soma pia mkataba wa programu yenyewe.

Mgeni akishawaka, sakinisha Guest Additions kutoka menyu ya "Devices". Bila hiyo kipanya kinasumbua, skrini inabaki ndogo, na folda ya pamoja haipo.

Mtandao: mfungie ndani

Hapa usinibishie. Kompyuta pepe ya Windows iliyoachwa kuhudumiwa haitoki kwenye intaneti, na haionani na mtandao wa ofisi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kutumia udhaifu wa SMB1, na SMB1 ndiyo lugha pekee ya kushiriki mafaili ambayo XP inaijua. Kuifungulia mlango huo kwenye mashine mpya ili mhasibu afikie folda moja ni kuubomoa ukuta uliolipia.

Kwenye "Network" chagua "Internal Network". Mgeni anaona waya umechomekwa lakini upande wa pili hakuna mtu. Sababu ya kutozima kabisa utaiona kwenye printa. Mafaili yapite kwenye folda ya pamoja ya VirtualBox, isiyotumia mtandao wowote. Ukiwa umeipa jina bakapu, ndani ya mgeni andika:

`net use X: \\vboxsvr\bakapu /persistent:yes`

Je, watu wanne wanataka kutumia programu hiyo kwa pamoja? Basi umetoka kwenye kompyuta pepe ya mezani na kuingia kwenye mambo ya seva, ambako programu inakaa mahali pamoja na watu wanaifikia kwa mbali. Inawezekana, lakini kwa gharama yake, wengi ni afadhali waanze kutafuta programu mpya.

Printa, penye kazi hasa

Kusakinisha Windows ndani ya Windows ni nusu siku. Siku mbili zinazofuata ni za printa.

Duka la jumla linachapisha ankara kwa printa ya sindano, karatasi za nakala tatu: nyeupe ya mteja, ya pili ya stoo, ya tatu ya ofisi. Printa ya leza haiwezi kugonga karatasi tatu kwa mara moja, kwa hiyo ile ya sindano inabaki. Kama ina tundu la USB, mambo ni mepesi. Zima mgeni, nenda "Settings", "USB", ongeza kichujio cha printa hiyo, umwashe. Sasa printa ni ya mgeni peke yake na inatumia dereva wake wa zamani. Kama ina tundu pana la LPT tu, lile la printa za zamani, utahitaji waya wa kugeuza LPT kuwa USB. Nunua mmoja ujaribu kabla ya kununua mitano, maana nyaya hizi hazilingani.

Lakini programu ya DOS haijui USB ni nini. Yenyewe inatuma herufi moja kwa moja LPT1 na kusubiri. Inabidi uikamate njiani. Ndani ya mgeni, ishiriki printa kwa jina fupi lisilo na nafasi, tuseme EPSON. Kisha:

`net use LPT1: \\MAPOKEZI\EPSON /persistent:yes`

MAPOKEZI ni jina la mgeni mwenyewe, yaani anajitumia kazi kupitia mtandao wake. Na ndiyo sababu ya ile "Internal Network": Windows isipoona mtandao ulio hai, amri hii inakataa. Mpe anwani ya kudumu, mfano 10.0.5.1, na amri itakubali.

Jaribu kwa ankara ya kweli, yenye mistari mingi inayofika ukurasa wa pili. Tazama jumla imeanguka ndani ya kisanduku chake au imeteleza chini. Ikiteleza, urefu wa karatasi kwenye dereva umewekwa A4 ilhali karatasi yenyewe ni ya inchi 11. A4 ina takribani inchi 11.7, kwa hiyo kila ukurasa unasogea zaidi, na ukifika wa tano jina la mteja liko mbali kabisa na mahali pake.

Kuna pia kile kidude cha leseni ambacho programu nyingine zinadai kichomekwe ndipo zifunguke. Cha USB kinafuata njia ileile ya kichujio. Cha LPT, usimwahidi mtu chochote. Hapo mashine ya zamani inaweza kulazimika kubaki, bila waya wa mtandao, hadi data itolewe.

Saa, tarehe na umeme

Hoteli hufunga siku kila usiku, na programu ya mapokezi huamini tarehe ya Windows kwa upofu. Mtumishi akifunga dirisha kwa "Save the machine state", kesho mgeni anaamka akidhani bado ni jana mpaka Guest Additions imrekebishe. Malipo mawili matatu yakiingia kabla, hesabu imechafuka. Fundisha kuzima kwa njia ya kawaida, na uhakikishe mpangilio wa tarehe ni siku, mwezi, mwaka. Mgeni mpya wa Windows ya Kimarekani ataweka mwezi mbele, na 03/04 itakuwa Machi.

Kwa umeme wetu huu, UPS (betri ya akiba ya kompyuta) si anasa. Kwenye kidhibiti cha IDE, VirtualBox huwasha yenyewe "Use Host I/O Cache", maana yake mgeni anaambiwa data imeandikwa kumbe bado iko kwenye RAM ya mwenyeji. Umeme ukienda wakati huo, faharisi za DBF, yaani mafaili ya data ya Clipper, zinavunjika. Ondoa alama hiyo. Itapunguza kasi kidogo, hakuna atakayegundua.

Kama mwenyeji anaunguruma feni muda wote wakati programu ya Clipper imefunguliwa tu bila kufanya lolote, ni kawaida ya programu za DOS: zinasubiri kitufe kwa kuuliza bila kupumzika. Shusha "Execution Cap" ya mgeni hadi asilimia 50 au chini.

Mkabidhi mwenyewe

Weka njia ya mkato ya mgeni kwenye uso wa kompyuta, programu ijifungue yenyewe Windows ya ndani ikiwaka, na tumia skrini nzima au ile hali ya kubonyeza Ctrl ya kulia pamoja na L, inayoficha uso wa Windows ya zamani na kuacha dirisha la programu tu. Mhasibu asijifunze neno lolote jipya ila "zima kabla ya kuondoka".

Kabla hajaanza, fungua mashine ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu. Chapisha ripoti ya mwezi uliopita kutoka zote mbili, mkae naye mlinganishe hadi senti. Mwache yeye ndiye aseme ziko sawa. Baada ya hapo kazi iingizwe upande mmoja tu, ule mpya. Kuingiza pande zote mbili kwa wiki nzima, kama wengine wanavyopenda, huzaa hesabu mbili zinazotofautiana na ugomvi wa nani alisahau.

Bakapu

Snapshoti ya VirtualBox, yaani hali ya mgeni iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia, si bakapu. Inakaa kwenye diski ileile, diski ikifa zinakufa pamoja. Tumia snapshoti kabla ya kujaribu kitu, kisha uifute. Zikiachwa zirundikane zinakula nafasi mpaka mgeni agome.

Bakapu ya kweli ni mbili. Ya kwanza ni ya data, kila jioni programu ikiwa imefungwa:

`xcopy C:\STOO\DATA X:\JUMATATU\ /E /Y`

na folda moja kwa kila siku ya wiki. Folda hiyo iko kwa mwenyeji, hivyo inaingia kwenye bakapu ya kawaida ya ofisi. Ya pili ni folda nzima ya kompyuta pepe, ikiwa imezimwa, mara moja kwa mwezi kwenye diski ya nje inayolala nje ya ofisi. Mashine mpya ikiibwa leo, unanunua nyingine, unasakinisha VirtualBox, unarudisha folda, na mapokezi yanafunguliwa jioni.

Mpangie tarehe ya kuondoka

Siku unayoiwasha, andika siku ya kuizima, na jina la anayehusika kuhamisha data. Mafaili ya .dbf yanafunguka kwa LibreOffice Calc bila shida. Ya Access 97 yanataka hatua ya katikati: Access 2010 bado inayafungua na kuyageuza, 2013 na zilizofuata zinayakataa. Anza na orodha ya wateja na ya bidhaa, miamala baadaye.

Hata programu mpya ikishaanza, mgeni asifutwe papo hapo. Sheria ya Kenya ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na mkaguzi anaweza kuuliza ankara ambayo imo ndani ya programu ya zamani tu. Mfanye awe wa kusoma pekee: ondoa nywila za waingizaji, acha ya mhasibu, mhifadhi kwenye diski mbili. Upande wa pili wa shilingi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuruhusu kukalia namba za pasipoti za wageni zaidi ya inavyohitajika. Miaka mitano ikiisha, futa.

Na ile diski ya zamani uliyoichomoa siku ya kwanza isiende kwa muuza vyuma chakavu ikiwa hivyo. Ifute yote kwa `sudo shred -v -n 1 /dev/sdb`, baada ya `lsblk` nyingine, au itoboe kwa drili.